Sinki la vyombo linavuja? Anza na tambara kavu kabla ya kumpigia fundi

Sinki la jikoni likianza kuvuja, katika nyumba nyingi hatua ya kwanza ni ndoo. Inawekwa ndani ya kabati, milango inafungwa, maisha yanaendelea. Siku ya tatu ndoo inajaa na kumwagika, ndipo fundi bomba anapigiwa simu. Akifika anakuta kabati limelowa lote, haijulikani maji yameanzia wapi, na njia iliyo rahisi kwake ni kubadilisha kila kitu: koki mpya, bomba jipya la maji machafu, silikoni mpya pembeni. Mzazi analipia vitu vitatu, wakati kilichokufa pengine ni kipande cha mpira kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto.

Unaweza kuuliza, uvujaji wa sinki unahusianaje na mwandishi wa habari za afya? Unahusiana sana. Sakafu yenye maji ndiyo inayomwangusha bibi. Ndoo iliyosahauliwa ni hatari kwa mtoto anayetambaa. Na katika mkoa kama Tabora, dimbwi dogo linalobaki nje ya jiko kwa wiki mbili si jambo la kupuuza, kama tutakavyoona.

Kuna sababu nyingine ya kulizungumza jambo hili huku kwetu. Kwa miaka mingi Manispaa ya Tabora ilitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Sasa mji unapata pia maji ya Ziwa Victoria, yanayosafishwa Ihelele wilayani Misungwi na kusafiri kwa bomba kupitia Solwa na Nzega hadi hapa, katika mradi uliojengwa kwa mkopo kutoka India. Wanaopenda historia watakumbuka kwamba John Speke alitoka Kazeh, yaani Tabora hii hii, Julai 1858, akatembea kuelekea kaskazini siku zipatazo 25 hadi akaliona ziwa hilo upande wa Mwanza. Leo ziwa ndilo linalotufuata sisi. Na mapema kuliko hapo, wapagazi waliokuwa wakija Unyanyembe kutoka Ugogo walivuka pori la Mgunda Mkali wakihesabu kila kibuyu cha maji walichobeba.

Maji ya bomba yanakuja na presha. Nyumba nyingi zilijengwa zikitumia ndoo au simtanki, na koki zake zilizoea presha ndogo. Tanki lililo juu ya mnara wa mita 3 linatoa presha ya takriban baa 0.3 tu kwenye sinki. Bomba la mtaa linaweza kuwa na presha mara kadhaa ya hiyo. Koki iliyokaa kimya miaka mitano chini ya simtanki inaweza kuanza kudondosha siku ile ile unapoiunganisha moja kwa moja na bomba la mamlaka. Haijaharibiwa na mtu.

Swali la kwanza: inavuja muda gani?

Kabla ya kushika spana, jibu swali moja. Je, maji yanatoka muda wote, hata usiku mkiwa mmelala, au yanatoka mnapoosha vyombo tu?

Sinki lina pande mbili. Upande wa maji safi, yaani bomba linaloingia na koki yenyewe, una presha saa zote maji yanapokuwepo. Ukivuja, unavuja usiku na mchana. Upande wa maji machafu, kuanzia tundu la sinki kwenda chini, hauna presha yoyote. Unapitisha maji pale tu mtu anapomwaga. Kwa hiyo kabati likiwa kavu asubuhi na kulowa baada ya chakula cha mchana, achana na koki, tatizo liko kwenye bomba la kutolea maji. Likiwa limelowa alfajiri kabla hajaamka mtu, tatizo liko upande wa maji safi.

Wa kumuuliza swali hili ni yule anayeosha vyombo. Mara nyingi huyo si baba wala mama, ni dada wa kazi au mtoto wa darasa la sita. Wao wanajua tangu lini, na wanajua kama maji hutoka sinki likijaa au likiwa tupu. Lakini ukianza kwa kufoka, "Nani kaharibu sinki?", hutapata jibu. Uliza kama daktari anavyomuuliza mgonjwa: ilianza lini, huzidi wakati gani, hupungua wakati gani.

Tambara, karatasi na tochi ya simu

Sasa toa vitu vyote kwenye kabati. Kausha kila kitu kwa tambara: mabomba, nati, kona, sakafu ya kabati, hata ukuta wa nyuma. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanaangalia bomba lililolowa na kudhani ndilo linalovuja. Maji hutembea. Yanaweza kutoka kwenye nati ya juu nyuma ya sinki, yakafuata bomba kwa nje, yakadondokea sehemu ya chini kabisa. Mahali yanapodondokea sipo yalipoanzia.

Ukishakausha, tandika gazeti kavu chini. Washa tochi ya simu. Chukua karatasi ya chooni, iguse kila nati na kila maungio moja baada ya jingine, ukianzia juu kwenda chini. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kama hakuna kinacholowa na hakuna anayetumia maji, upande wa maji safi uko salama kwa sasa. Funga kabati, rudi baada ya nusu saa, angalia gazeti.

Kisha jaribu upande wa maji machafu. Ziba tundu la sinki, jaza maji nusu, subiri dakika 5. Gazeti likilowa wakati maji bado yamezibwa, basi yanapita pembeni ya lile tundu lenyewe, pale chuma cha tundu kinapokutana na sinki. Likibaki kavu, achia maji yote kwa mpigo huku mtu mwingine anamulika chini. Maji mengi yakishuka kwa pamoja ndipo maungio dhaifu hujitaja.

Mwisho, chukua kikombe, mwagia maji taratibu kwenye ukingo wa sinki, pale linapokutana na ukuta au meza. Kuna nyumba ambazo hakuna bomba lolote linalovuja. Vyombo vinaoshwa kwa kurusha maji, maji yanapita kwenye ufa wa pembeni na kuingia kabatini. Dawa yake ni silikoni na kuosha kwa utulivu.

Upande wa maji machafu

Hapa ndipo ningeanzia, kwa sababu ndipo penye matatizo mengi na marekebisho mepesi.

Chini ya sinki kuna bomba la plastiki lililopinda kama herufi U. Maungio yake yana nati kubwa za plastiki, na ndani ya kila nati kuna duara la mpira. Ukiona nati inatoa jasho la maji, weka beseni chini, ifungue kwa mkono, toa mpira, usafishe uchafu na mafuta yaliyoganda, angalia kama umepasuka au umekaa upande. Mara nyingi haujapasuka, umekaa vibaya tu tangu siku ya kwanza. Urudishe ukiwa umelala sawasawa, kaza nati kwa mkono. Mkono unatosha. Spana kwenye nati ya plastiki ndiyo inayopasua nati, na hapo utakuwa umejitengenezea safari ya dukani.

Kama mpira umekufa, nenda nao dukani pamoja na ile nati. Usiende na maelezo ya mdomo. Mipira inafanana kwa macho na kutofautiana kwa milimita chache.

Ile kona ya U msiiondoe kamwe, hata fundi akisema bomba lililonyooka halizibi. Maji yanayobaki ndani ya kona ndiyo yanayozuia harufu ya shimo la maji machafu na mende wasipande jikoni. Ukiona jiko lina harufu ya choo na bomba la sinki limenyooka moja kwa moja ukutani, sababu umeshaipata.

Kuna mazoea mawili yanayoua bomba hili. La kwanza ni kumwaga maji yanayochemka, kwa mfano ya kuchuja makande au tambi, moja kwa moja kwenye sinki. Plastiki inalainika, inajikunja, maungio yanaachia. Changanya na maji baridi kwanza. La pili ni mafuta ya nyama na ukoko wa ugali. Vikiziba chini, maji yanajaa kwenye bomba na kutafuta njia kwenye kila maungio dhaifu. Sinki linalochelewa kushusha maji ni sinki litakalovuja.

Upande wa maji safi

Hapa kwanza funga maji. Baadhi ya masinki yana koki ndogo ya kufungia chini yake. Kama haipo, funga ile ya karibu na mita. Kama nyumba inatumia simtanki, funga ya tanki. Fungua koki ya sinki maji yaishe. Usifungue nati yoyote kabla ya hapo. Maji ya bomba la mtaa yakiachiwa hayatakupa muda wa kutafuta ndoo.

Koki inayodondosha kwenye mdomo wake ilhali umeifunga imechoka kwa ndani. Koki za kuzungusha mara nyingi zina washa ya mpira. Fungua kichwa cha koki kwa spana, ukiwa umekizungushia kitambaa kisichunike, utaikuta washa chini kabisa. Ikiwa ngumu, imepasuka au ina alama ya duara iliyozama, badilisha. Ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa katika duka la vifaa vya mabomba. Koki za kisasa za kuinua au za kugeuza robo mzunguko hazina washa ya aina hiyo. Zina kipande kizima cha ndani ambacho hutolewa na kuwekwa kingine, na ni lazima kifanane na cha mwanzo, hivyo nenda nacho dukani.

Ikivuja kwenye nyuzi za maungio, fungua, ondoa utepe wa zamani, safisha nyuzi, zungusha utepe mweupe mpya kwa kufuata upande ambao nati inakazwa, mizunguko kadhaa, kisha funga. Ukizungusha kinyume, utepe utajikunja wenyewe unapokaza na utarudi pale pale.

Ikidondosha usiku tu, usidhani macho yanakudanganya. Presha ya mtaa hupanda watu wanapoacha kutumia maji. Ndiyo maana fundi anayekuja saa 6 mchana anaweza kuiona koki nzima kabisa na kuondoka akidhani unamsumbua. Mpigie video usiku.

Mbu, ndoo na chupa

Sasa turudi kwenye afya. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa asilimia 8 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini. Mkoa wa Tabora ulikuwa na asilimia 23, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote.

Niseme wazi, maji yaliyotuama ndani ya kabati lenye giza si mahali mbu wa malaria anapopenda kutaga. Anopheles anapenda maji yaliyotulia, yasiyo machafu sana, yanayopigwa na jua. Kwa hiyo tatizo liko nje: pale bomba la sinki linapomwaga maji nyuma ya jiko, chini ya koki ya uani inayodondosha, kwenye kishimo kilichochimbwa na matone karibu na mita. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili. Kuanzia Mei hadi Oktoba, mvua ikiwa imekata na madimbwi mengine yamekauka, koki yako inayovuja inaweza kuwa ndiyo inayowatunzia mbu maji katika uwanja mzima. Wakati huo ukiona sehemu moja ya ua ina majani mabichi wakati kwingine kumekauka, usifurahie bustani. Chimba, kuna bomba linavuja chini.

Bomba linalovuja ardhini lina ubaya mwingine. Maji yanapokatika, presha inashuka, na tundu lililokuwa likitoa maji linaweza kuanza kunyonya tope na chochote kilichopo jirani, hasa bomba likipita karibu na shimo la choo. Maji yakirudi, ya mwanzo yaache yatoke, tumia kupiga deki. Ya kunywa chemsha.

Ndoo ya kukingia nayo ina mambo yake. Ikikaa na maji siku nyingi bila kumwagwa inaweza kumlea Aedes, mbu anayeeneza dengue, ugonjwa uliowasumbua sana wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2019. Yeye anapenda vyombo. Kubwa zaidi, mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya sentimita chache. Kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili, akitumbukia hawezi kujiinua, na hapigi kelele. Kama lazima ukinge, tumia beseni la chini, mwaga kila mara, na fungia mlango wa kabati kwa kamba.

Na ukishatoa vitu vya kabatini kwa ajili ya kukausha, tafadhali usivipange sakafuni. Chini ya masinki mengi ndipo tunapoficha dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, dawa ya kuzibulia sinki, sumu ya panya na mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Siku ya matengenezo kila mtu yuko jikoni, macho yote yako kwenye bomba, na mtoto wa miaka miwili anaiona chupa ya soda. Viweke juu, mahali asipofikia, na huko ndiko vibaki hata baada ya matengenezo. Akinywa mafuta ya taa au dawa ya kuzibulia, usimtapishe, kwa sababu kinachochoma kikishuka huchoma tena kikipanda, na mafuta ya taa huingia kwenye mapafu. Mpeleke kituo cha afya upesi ukiwa na chupa aliyonywea.

Dawa za kuzibulia zenye kostiki soda mimi sizipendi jikoni. Mkimwaga dawa hiyo kisha sinki lisizibuke, fundi atakayefungua kona ya U atapokea maji yanayounguza mikononi na machoni. Kama mmeshaimwaga, mwambieni kabla hajagusa nati.

Wenye mashine ya kuosha vyombo

Wapo wachache, ila wanaongezeka, wengine wakiagiza zilizotumika. Mashine ikivuja, chomoa plagi kwanza. Kama maji yameifikia plagi au soketi, usiiguse. Zima swichi kuu ya nyumba. Baada ya hapo maswali ni yale yale. Ikimwaga povu mlangoni, muulize aliyeijaza: huenda ametia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono, ambayo hutoa povu jingi kuliko mashine inavyoweza kubeba. Futa mpira wa mlango, mara nyingi kuna punje ya wali au mfupa wa samaki uliouzuia kukaa sawa. Safisha chujio la chini. Hakikisha mashine imesimama sawasawa, haijainamia mbele. Bomba lake la kutolea maji nalo kwa kawaida linaishia kwenye sinki, hivyo sinki likiziba, mashine ndiyo itakayolaumiwa.

Mita haisahau

Kama huna uhakika bado kuna uvujaji, tumia mita. Usiku wote wakishaoga na vyombo vimeoshwa, funga koki zote, hakikisha na simtanki limejaa, piga picha ya namba za mita kwa simu. Alfajiri kabla ya mtu yeyote kutumia maji, piga tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Mita nyingi pia zina kinyota au pembetatu ndogo inayozunguka hata maji yakiwa kidogo sana. Sinki likiwa kavu na kinyota kinazunguka, angalia choo cha kuvuta: tia rangi ya keki kwenye tanki lake, subiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana chini kwenye bakuli, ndiko maji yanakokwenda.

Matone tunayadharau. Tega kikombe cha robo lita chini ya koki. Kikijaa kwa saa moja, ni lita 6 kwa siku na lita 180 kwa mwezi, yaani ndoo 9 za lita 20. Uniti moja kwenye ankara ni lita 1,000.

Uvujaji ulio baada ya mita, kuelekea nyumbani, kwa kawaida ni gharama yako. Ulio kabla ya mita, kwenye bomba la mtaa, ni wa mamlaka, na kwa Tabora hiyo ni TUWASA. Usimlipe fundi wa mtaani kuuziba. Piga picha, andika mtaa na alama ya karibu, toa taarifa, na wakati mnasubiri fukieni lile dimbwi kwa mchanga.

Kama ni sinki ndilo mlilorekebisha, acha kabati wazi usiku mmoja likauke, ukungu usishike kwenye mbao, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu. Tandika gazeti jingine kavu chini ya bomba. Asubuhi, likiwa kavu, rudisha masufuria.